Neno Si Hatimiliki

Kila msimu wa kampeni ukikaribia, kuna mtu huku Kisumu anayegundua upya maana ya jina Kisumu. Hugundua hadharani, juu ya gari, kipaza sauti mkononi. Akiwa Mjaluo, atakwambia jina linatoka kwa *sumo*, yaani kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana, kwa hivyo mji ni wetu tangu enzi za Ramogi. Akiwa Mluhya, atakwambia linatoka kwa *kusuma*, yaani kwenda kuomba au kubadilisha chakula kwa jirani, kwa hivyo mji ni wao na Wajaluo ni wapangaji. Umati unapiga makofi, video inazunguka kwenye WhatsApp, na kabla ya wiki kuisha kuna mtu anaambiwa afunge kibanda chake arudi kwao.

Hebu tazama hizo maelezo mbili tena, polepole. Ni neno moja. Maana ni moja. Watu wawili wanashika ncha mbili za kamba ileile na kila mmoja anaapa kuwa mwenzake hana kamba. Kama neno la kutafuta chakula kwa jirani liko pande zote mbili, basi kitu pekee linachothibitisha ni kwamba kulikuwa na pande mbili, na kulikuwa na njaa, na kulikuwa na soko. Jina la mji wetu ni ushahidi wa majirani. Tumeligeuza kuwa silaha ya kufukuzana.

Ninachotaka kusema ni rahisi: neno si hatimiliki. Na mtu anayetumia maneno ya mababu kudai shamba, au kudai damu safi, au kudai ufalme wa Misri, hajui maneno ya mababu yanavyotafutwa. Kwa sababu yanatafutwa kweli. Kuna mbinu. Ina sheria kali kuliko za kortini, na mtu yeyote wa Form Four anaweza kuielewa akielezwa vizuri. Shida ni kwamba hatuelezwi.

Nianze na mbinu, halafu nirudi kwenye ugomvi.

Chukua Kijaluo na Kiacholi, kile cha kaskazini mwa Uganda. Kufa kwa Kijaluo ni *tho*; kwa Kiacholi ni *to*. Nyoka ni *thuol*. Kwa Kiacholi *twol*. Mdomo ni *dhok*, kwao *dog*. Unaona mpangilio: pale ambapo sisi tunaweka ulimi kwenye meno, *th* na *dh*, wao wana *t* na *d* ya kawaida. Lakini sasa angalia mkuki. Kijaluo ni *tong'*, Kiacholi ni *tong*. Kazi ni *tich*, Kiacholi ni *tic*. Hapo *t* ni *t* pande zote.

Swali: nani amebadilika? Ungeweza kudhani babu yetu alikuwa na *t* moja tu, na sisi Wajaluo tukaigawa mara mbili. Lakini tungeigawa kwa kanuni gani? *Tho* na *tong'* zote zina *o* baada ya ile sauti. Hakuna kitu ndani ya neno kinachoweza kukwambia "hapa weka meno, hapa usiweke". Kwa hivyo ni rahisi zaidi kusema babu alikuwa na sauti mbili na Waacholi wakazichanganya kuwa moja. Halafu unaenda kwa shahidi wa tatu, anayekaa mbali na asiyejua kesi yenu: Kidinka cha Sudan Kusini. Kufa kwao ni *thou*. Mkuki ni *tong*. Kesi imeisha.

Hiyo ndiyo mbinu. Huangalii maneno mawili yanayofanana ukapiga kelele. Unatafuta tofauti inayojirudia. Ajabu ya jambo hili, na ndiyo sehemu ambayo watu wa TikTok hawaitaki, ni kwamba undugu wa lugha hauthibitishwi na kufanana bali na kutofautiana kwa mpangilio. Kufanana tupu hakuna maana. Kuna uwanda wa Kano hapa karibu na Ahero, na kuna mji wa Kano kule Nigeria. Mtu mvivu anaweza kukuandikia kitabu kizima juu ya hizo herufi nne.

Wanaisimu wakishapata neno la babu huliandika na alama ya nyota mbele yake. Nyota hiyo maana yake ni kwamba hakuna aliye hai aliyewahi kulisikia, wala halijapatikana limeandikwa popote. Tumelifikia kwa hesabu. Naipenda sana hiyo nyota. Ni alama ya heshima: inasema tunajua kiasi hiki, na hatudanganyi kwamba tulikuwepo. Siku mwanasiasa atakapoweka nyota mbele ya historia yake, nitampigia kura.

Sasa tuje kwa wale wa Misri. Unawajua. Jamaa ana chaneli, ana bando, ana picha ya piramidi nyuma yake, na anakwambia Wajaluo ni Mafarao kwa sababu neno fulani la Kijaluo linafanana na jina la mungu fulani wa kule. Au ni Waisraeli waliopotea. Upande wa pili wa barabara kuna Mluhya naye ana Misri yake. Kila kabila nchini lina Misri yake, utadhani zamani Misri ilikuwa stendi ya basi.

Uongo ni tatizo lakini uongo tumeuzoea. Kinachoniudhi ni kile uongo huu unachokubali kimyakimya: kwamba kuwa mvuvi wa ziwa hili, au mfugaji wa Bahr el Ghazal, hakutoshi. Kwamba lazima babu awe amejenga piramidi ndipo mjukuu aweze kutembea Oginga Odinga Street akiwa ameinua kichwa.

Si sisi wa kwanza. Mwaka 1769 padri mmoja wa Hungaria, János Sajnovics, alikwenda Vardø, kaskazini kabisa mwa Norwe, kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Akiwa huko alisikia Wasami wakizungumza, na mwaka 1770 akachapisha kitabu kusema kwamba lugha yao na Kihungaria ni ndugu. Leo jambo hilo halibishaniwi na wataalamu. Samaki kwa Kifini ni *kala*, kwa Kihungaria *hal*. Tatu ni *kolme*, kwa Kihungaria *három*. Mbele ya irabu za nyuma kama *a* na *o*, *k* ya Kifini ni *h* kwa Kihungaria; mbele ya irabu za mbele inabaki *k*, ndiyo maana jiwe ni *kivi* kule na *kő* huku. Mpangilio, si bahati.

Lakini wakubwa wa Hungaria walikasirika. Walishajipa undugu na Wahun wa Attila (usisome wahuni, ingawa hapo tungeelewana), mashujaa wa farasi na upanga. Sasa wanaletewa wavuvi wa baridi? Wakaubeza undugu huo wakasema unanuka samaki. Huku kwetu harufu ya samaki ndiyo harufu ya karo ya shule, kwa hivyo sijui tunachokimbia ni nini.

Na ukifuata harufu hiyo ya samaki badala ya piramidi, unafika mahali pazuri zaidi. Maji kwa Kijaluo ni *pi*. Kwa Kikalenjin ni *pei*. Kwa Kiturkana ni *ngakipi*, na ukitoa kile kiambishi cha mbele unaliona neno lenyewe limekaa mwishoni. Maziwa ni *chak* kwetu. Kwa Kikalenjin ni *chego*. Nne ni *ang'wen* kwetu; kwao *ang'wan*; kwa Kinuer na Kidinka ni neno lilelile bila *a* ya mbele. Kabla ya kuwa na kambi za kisiasa, kabla ya Nyando na Muhoroni kuwa mpaka wa kurushiana mishale, kulikuwa na watu walioomba maji na maziwa kwa neno moja. Hiyo sikuitoa kwenye chaneli ya mtu. Wanaisimu wameifanyia kazi kwa miongo mingi, sauti kwa sauti.

Nitawapa wapinzani wangu haki yao. Watasema: mbinu yenyewe ililetwa na wakoloni. Ni kweli, na mbaya zaidi ya wanavyojua. Carl Meinhof, Mjerumani aliyechapisha mwaka 1899 kitabu cha kwanza kikubwa cha sauti za lugha za Kibantu, ndiye huyohuyo aliyeandika mwaka 1912 kitabu cha lugha za "Wahamiti", akiwachukua Wamaasai na wengine akiwafanya kama nusu weupe kwa sababu walifuga ng'ombe na yeye aliwaona warembo. Kutoka kwenye kapu hilo ndipo likazagaa jina "Nailo-Hamiti" kwa Wakalenjin, Wamaasai na Waturkana, kana kwamba wana damu bora kidogo kuliko sisi wa ziwani.

Lakini uliza ni nini kilichoua jina hilo. Ni mbinu ileile, ilipotumiwa kwa haki. Lugha zilipolinganishwa kwa maneno na sarufi badala ya pua na rangi, Uhamiti haukuonekana popote. Kulikuwa na Kiniloti cha Magharibi, cha Mashariki na cha Kusini, ndugu watatu. Joseph Greenberg aliliweka wazi katika kitabu chake cha mwaka 1963. Panga lililotengenezwa na mkoloni lilikata mti wa mkoloni. Ukilitupa kwa sababu ya aliyelifua, utabaki unakata msitu kwa mdomo.

Kuna jambo lingine ambalo mbinu hii hufanya na ambalo wenye damu safi wote hawalipendi: inatenganisha urithi na mkopo. Maneno mengine umezaliwa nayo, mengine umeazima kwa jirani, na yote mawili ni historia yako. Mahindi kwa Kijaluo ni *oduma*. Lakini mahindi asili yake ni Marekani ya kale. Hayakufika Afrika kabla ya Wareno kuvuka bahari. Kwa hivyo anayekwambia Ramogi alikula kuon ya mahindi juu ya kilima cha Got Ramogi anakulisha kitu kingine. *Kal* na *bel*, wimbi na mtama, hayo ndiyo ya zamani. Hata Waacholi wanayo. Na mbuta, samaki anayetulisha kuanzia minofu ya kuuza ng'ambo mpaka mgongo wazi wa Obunga, ameingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Yaani mbuta ni mdogo kwa umri kuliko nyanya yangu. Ngege ndiye mwenyeji, na jina lake ni *ngege* kwa Wajaluo na *engege* kwa Waganda, kwa sababu majina ya samaki husafiri kwa mtumbwi na mtumbwi hauulizi kabila.

Sasa shika moyo. Mungu kwa Kijaluo ni Nyasaye. Nenda kwa Waluhya: Nyasaye. Nenda kwa Wakisii: Nyasae. Nenda kwa ndugu zetu wa damu kaskazini, Waacholi na Washiluk: hawana. Wao wana *Jok*, *Juok*. Hiyo *Juok* ndiyo ya zamani. Bethwell Ogot aliandika juu yake mwaka 1961, na Okot p'Bitek akaichambua upya mwaka 1971 katika kitabu chake cha dini ya Waluo wa Kati. Na sisi hatukuipoteza kabisa. Iko wapi? Iko kwenye *jajuok*. Mkimbiaji wa usiku. Yule anayerusha mawe juu ya bati lako saa nane usiku ndiye aliyebaki amebeba jina la kale la Mungu, na Mungu tunayemwomba Jumapili tunamwita kwa jina tunaloshiriki na Vihiga na Kisii.

Sasa wewe unayetaka kuchora mpaka, chora. Mzozo wa Maseno kati ya kaunti ya Kisumu na ya Vihiga una ramani zake na mawakili wake, na waende nayo huko kwenye ramani na mawakili. Lakini usiniletee maneno kama kithibitisho. Ukiyahesabu maneno, mpaka unapita katikati ya sala yako.

Mtu ataniambia ninafanya mambo kuwa makubwa, haya ni mapiga domo ya kijiweni tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa nchini, na hapa Kisumu maduka yalichomwa kwa kuangalia jina la mwenye duka. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule tunakumbuka. Haikuanza na mapanga. Ilianza na maneno: nani ni mwenyeji, nani amekuja, nani ni doa la kuondolewa. Kila mara historia ya uongo ya neno ilikuwa imetangulia mbele kusafisha barabara.

Kwa hivyo, ndiyo, nawalaumu wanasiasa na watu wa piramidi. Lakini lawama kubwa nimewawekea wale wanaojua na wamenyamaza. Kamusi za maneno ya mababu wa Kibantu zipo: Malcolm Guthrie alichapisha majuzuu manne kati ya 1967 na 1971, na hifadhi kubwa ya maneno hayo inatunzwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Historia ya nchi za Maziwa Makuu kwa njia ya maneno aliiandika David Schoenbrun mwaka 1998. Vingi vimeandikwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza kizito. Kwa Kiswahili? Kwa Kijaluo? Kwa mwanafunzi wa Nyalenda? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwisha, na mara ya mwisho nilipojaribu kuingia maktaba ya chuo kimoja kusoma kitabu cha maneno ya lugha yangu mwenyewe, mlinzi aliniambia kadi imeisha. Lugha ya nyanya yangu iko ndani, na mimi niko nje kwenye jua. Hapo ndipo jamaa wa piramidi anapopata wateja: yeye halipishi mlangoni.

Wasomi wetu walioonyesha njia tofauti wapo. Asenath Bole Odaga alikaa hapahapa Kisumu akatunga kamusi ya Kijaluo na kuichapisha mwenyewe. Okoth Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Franz Rottland, walikwenda kuwasikiliza Wasuba na kuandika jinsi walivyohamia Kijaluo. Hao hawakungoja ruhusa ya mtu.

Na Wasuba ndio wanaoninyima usingizi, kwa sababu nyanya yangu mzaa mama ni wa Mfangano. Kisuba ni lugha ya Kibantu ya visiwani, na kwa vizazi kadhaa wenyewe wamekuwa wakizungumza Kijaluo. Pale kisiwani kuna redio ya vijana inayojaribu kukirudisha hewani. Jina lake ni Ekialo Kiona, maana yake dunia nzima. Nyanya anapolisema neno *ekialo* analisema taratibu, kama mtu anayefungua sanduku.

Nililifuata neno hilo. Waluhya wa Wanga na Bunyore wanasema *eshialo*, nalo ni dunia vilevile. *Ki* ya wengine huwa *shi* kwao, kama vile kitu, *ekintu* cha Waganda, kilivyo *eshindu*. Waganda wanasema *ekyalo*, na kwao ni kijiji. Wakuria wanasema *ikiaro*, na kwao ni ukoo pamoja na eneo lake. Sauti zinapangana bila shida. Maana ndiyo imetembea: kijiji, ukoo, dunia. Neno moja la watu waliowahi kuishi pamoja, na kila mjukuu amelikata kwa saizi ya macho yake.

Hapo ndipo ninapowaachia, hasa ninyi wenye simu nzuri na muda. Msingoje Tervuren. Kila mmoja ana mzee. Mwulize maneno 100: maji, mfupa, mate, kuvua, kuomba, jirani. Mrekodi, maana sauti ndiyo ushahidi. Andika tarehe na mahali. Halafu tafuta rafiki wa lugha ya pili, si ya kabila lako, mkae chini mlinganishe, mkitafuta tofauti zinazojirudia. Mkikosa, andikeni mmekosa. Mkipata, wekeni nyota mbele. Lugha kama Kisuba haihitaji tuipigie makofi. Inahitaji tuiandike wiki hii, maana wazee hawangoji bajeti ya kaunti.

Na akija tena yule wa juu ya gari na kipaza sauti, mwulize swali moja tu: kwa saizi gani anaikata *ekialo*. Kijiji, ukoo, au dunia nzima. Jibu lake litakwambia kila kitu kuhusu yeye, na halitakwambia chochote kuhusu mwenye shamba.